Swali la Kwanza Kaunta: Kisa cha Fundi Simu wa Kisumu

Simu ililia saa nne kasorobo usiku. Nambari sikuijua. Aliyepiga alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Ndugu, rafiki yangu amenipa nambari yako. Niko kituo cha polisi. Nimekuja kuripoti kwamba nimeibiwa, sasa naambiwa mshukiwa ni mimi." Nikamuuliza kama ameandikiwa OB, yaani kama taarifa yake imeingizwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi. "Wameandika kitu," akasema, "lakini hawajanisomea."

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kisumu, na wengi wanaonipigia usiku ni watu wa jamii ya LGBTQ, au makuchu kama wenyewe wanavyojiita. Kituo chenyewe sitakitaja, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha kijana huyu nimeyabadilisha. Nitamwita Fundi, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza simu na wateja wake ndivyo wanavyomwita. Kisa chake nimekisimulia mara kadhaa kwa mdomo. Sasa nakiandika chote, pamoja na pale mimi mwenyewe nilipokosea.

Mtego

Kwa wiki tatu Fundi alikuwa akichati na mwanamume mmoja kwenye programu ya kutafuta wapenzi. Waliongea mambo ya kawaida: mechi za Gor Mahia, bei ya skrini za simu, mama wa yule mwanamume aliyekuwa anaugua kisukari. Wakapatana kukutana mtaa wa Nyalenda, katika chumba cha kupanga. Fundi alipoingia tu, mwenyeji alifunga komeo, na vijana watatu wakatokea nyuma ya pazia la kitanda.

Walimpiga kwa mkanda na ngumi, wakamvua nguo, wakamrekodi. Wakamshika kidole wakafungulia simu yake, wakamlazimisha kutaja namba ya siri ya M-PESA, wakajitumia shilingi 18,400. Nyingi ya hizo zilikuwa pesa za wateja waliomlipa awaletee skrini. Kisha wakampa masharti: kesho yake, kabla ya saa sita mchana, atume 30,000 nyingine, la sivyo video ingeenda kwa mama yake na katika kundi la WhatsApp la kanisa lao. Simu walimrudishia, kwa sababu walitaka aendelee kupatikana.

Mtego huu si mgeni mjini. Genge la namna hii huweka mali yake yote kwenye hesabu moja: aliyeibiwa hatathubutu kwenda polisi, maana akienda ataulizwa alifuata nini chumbani mule. Katika miaka yangu ya kazi hii, hesabu hiyo nimeiona ikitimia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Watu wanauza pikipiki, wanakopa kwa vyama, wanalipa miezi kwa miezi, na wengine wanahama mji kabisa.

Fundi hakulipa. Alitoka Nyalenda na mdomo uliopasuka, shati limegeuzwa nje ndani kwa haraka ya kuvaa, akaenda moja kwa moja kituoni.

Kaunta

Palikuwa na konstebo wawili zamu hiyo. Kwenye benchi palikuwa na mama mmoja aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, na wanaume wawili waliogongana na bodaboda. Fundi akasema ameibiwa na watu wanne. Swali la kwanza aliloulizwa, mbele ya wote hao, lilikuwa: "Na wewe ulienda kufanya nini kwa chumba cha mwanamume usiku?"

Hakuulizwa ameumia wapi, wala ni akina nani waliomfanyia vile, wala kama pesa zimetoka.

Akasitasita. Konstebo akaichukua simu yake, akamwambia aifungue, akaanza kusoma mazungumzo kwa sauti. "Kumbe wewe ni shoga. Unajua hiyo ni miaka kumi na minne?" Akamwelekeza nyuma ya kaunta, akae sakafuni. Baadaye yule wa pili akamwinamia kwa sauti ya upole: "Kijana, tuelewane. Toa elfu kumi uende nyumbani. Ama kesho tukupeleke hospitali upimwe huko nyuma, daktari aandike ripoti."

Hapo ndipo yule mama wa kitambulisho alipofanya jambo ambalo hadi leo namshukuru. Alinyoosha mkono juu ya kaunta akampa Fundi simu yake. "Mwanangu, chukua uongee haraka," akasema. Konstebo hakumzuia, nadhani kwa sababu ni mama wa makamo. Fundi akampigia rafiki yake, rafiki akamtajia nambari yangu.

Kwa usiku mmoja, basi, mtu mmoja alikuwa ameitishwa pesa za siri yake na pande mbili. Baadaye aliniambia: "Walionipiga walinipa hadi saa sita. Hawa walinipa hadi asubuhi."

Sheria inasema nini

Konstebo hakuitoa ile miaka 14 hewani. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaadhibu kile kinachoitwa kujuana kimwili kinyume cha maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 163 kinaadhibu jaribio kwa miaka saba, na cha 165 kinawagusa wanaume kwa miaka mitano. Mahakama Kuu Nairobi iliombwa iviondoe ikakataa, tarehe 24 Mei 2019, na suala likapelekwa rufaa. Nayasema haya waziwazi kwa sababu nimewahi kumsikia mwenzetu akiwaambia maafisa kwamba sheria imeshabadilika. Wanajua haijabadilika. Ukisema uongo mmoja kwa askari, yale mengine kumi ya kweli hatayasikia.

Lakini vifungu hivyo vinaadhibu tendo, na tendo lazima lithibitishwe. Hakuna mahali vinaposema kuwa shoga au msagaji ni kosa. Majaji wale wa 2019 waliokataa ombi letu ndio waliosema vifungu havilengi kundi fulani la watu. Mazungumzo kuhusu Gor Mahia na miadi ya kukutana si tendo. Kuhusu kupimwa, Mahakama ya Rufaa ilishalimaliza jambo hilo Mombasa tarehe 22 Machi 2018, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015: kumpima mtu sehemu ya haja kubwa kwa kulazimisha ni kuvunja haki zake za kikatiba. Na simu ya mtu iko chini ya kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha.

Kuna jambo lingine, na ndilo linaloniuma zaidi kila nikilifikiria. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ileile kinasema kwamba mtu akiiba kwa nguvu huku yuko na mwenzake hata mmoja, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Fundi aliibiwa na watu wanne. Kaunta ile ilikuwa na mojawapo ya makosa mazito kabisa katika sheria za Kenya, mlalamishi amesimama akivuja damu, na ujumbe wa M-PESA unaoonyesha saa, kiasi, na jina la aliyepokea. Ikaliweka kando kosa hilo, ikashikilia lile ambalo halikuwa na tendo wala shahidi.

Sajenti

Nilifika kwa bodaboda karibu saa tano. Nimejifunza kwamba ukiingia kituoni ukipaaza Katiba, unamfanya kila afisa amtetee mwenzake. Nikasalimia, nikauliza ni nani mkubwa wa zamu. Ilikuwa sajenti, mwanamke, yuko chumba cha ndani na kikombe cha chai. Kwanza sikumtajia haki za binadamu. Nilimwomba aletewe simu ya Fundi, kisha nikamwambia: "Afande, kuna genge la watu wanne Nyalenda linaloibia watu kila wiki. Huyu ndiye wa kwanza aliyekubali kuja kwako."

Akasoma ujumbe wa M-PESA. Akautazama mdomo wa Fundi. Akaagiza kitabu cha OB.

Nilisimama karibu yake nikaona kilichoandikwa. Kilisema Fundi ameletwa kuhusiana na makosa kinyume cha maumbile. Ameletwa! Mtu aliyetembea kwa miguu yake kutoka Nyalenda hadi pale. Neno hilo moja lilikuwa limeshamgeuza mlalamishi kuwa mshukiwa, na asubuhi afisa mwingine angelisoma bila kujua lolote zaidi. OB haifutwi, kurasa zake zina nambari. Sajenti akaandika ingizo jipya chini yake, polepole, kwa mwandiko wa shule: kwamba mlalamishi amekuja mwenyewe, amelalamika kuibiwa kwa mabavu na watu wanne, ana majeraha yanayoonekana, na ingizo lililotangulia lisomwe pamoja na hili. Akachana kipande cha karatasi, akaandika nambari, akampa Fundi mkononi. Akampa na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Kisha akamuuliza, "Umeshaenda hospitali?"

Fundi akalia hapo. Alikuwa amevumilia mkanda, sakafu na matusi bila chozi.

Usiku huohuo tulimpeleka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoiita Russia, akashonwa nyuzi tatu. Zile elfu kumi hakuna aliyezitaja tena. Mimi nilitaka tuandike malalamishi kwa IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Fundi akakataa. Alisema anataka genge, hataki konstebo. Nikamheshimu, kwa kuwa kisa ni chake. Hata hivyo bado nasumbuka nikikumbuka kwamba konstebo yule pengine aliendelea kukaa kaunta ileile.

Kwa nini Sajenti alisikiliza

Mtu anaweza kusema tulibahatika kumpata afisa mwenye utu. Utu alikuwa nao. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshaketi nasi mara tatu.

Tulianza vibaya. Vikao vya kwanza na polisi tulivifanya hotelini, kwa chakula na nauli, na waliotumwa walikuwa wakubwa ambao hawajawahi kuandika OB kwa miaka. Walitikisa vichwa, tukapiga picha, wakaenda. Kaunta haikubadilika hata kidogo. Baadaye tukaomba nusu saa tu wakati wa kubadilishana zamu, kituoni kwenyewe, na wale wanaokaa kaunta. Hatukwenda na hotuba. Tulikwenda na visa: mtu kaingia, anasema hivi, wewe unaandika nini? Wanabishana wenyewe kwa wenyewe, sisi tunasikiliza.

Kikao cha pili, askari mmoja kijana aliuliza swali ambalo hotelini lisingeulizwa kamwe. "Sasa nikimwandikia shoga vizuri, wenzangu si watasema na mimi ni mmoja wao?" Chumba kilinyamaza. Nilikuwa nimekuja nikidhani tatizo ni chuki. Chuki ipo, sitaificha. Lakini pale niliiona hofu, ya mtu anayelala kambini na wenzake, anayekula nao, anayetegemea mkubwa wake kwa likizo na uhamisho. Aliyemjibu ni Sajenti, wala si mimi. "Ukiandika ulichoambiwa na mlalamishi, hakuna atakayekuuliza. Ukiandika ulichofikiria wewe, ndiyo utaulizwa kortini."

Hilo lilifanya kazi kuliko semina zote, kwa sababu lilimpa askari sababu ya kikazi. Kifungu cha 244 cha Katiba kinaitaka Huduma ya Polisi iheshimu haki za binadamu na ijenge uhusiano na jamii pana. Nimekisoma katika vikao vingi. Kwa askari wa kaunta saa nne za usiku, maneno ya Sajenti ndiyo yaliyokaa.

Upande wa pili, ule wa raia kuwaamini polisi, nao una historia yake, na kwa Kisumu haikuanza na makuchu. Nyalenda hiyohiyo, Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao wakati wa operesheni ya polisi, akafa. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ukawabebesha polisi lawama. Ukimwambia mkazi yeyote wa mtaa ule "nenda polisi," unamwomba avuke mto wenye kina. Kuchu anavuka huohuo, halafu anabeba na lake juu ya kichwa.

Na kuna kisa ambacho kila kuchu wa magharibi ya Kenya anakijua. Mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za LGBTQ, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara huko Uasin Gishu, Januari 2023. Mwendesha bodaboda ndiye aliyewapasha polisi habari. Uchunguzi ulifanyika, kesi ikasikilizwa Eldoret, na Desemba 2024 aliyepatikana na hatia ya mauaji akafungwa miaka 50. Vijana wetu huniuliza: polisi wakiweza kufanya kazi hivyo tukishakufa, mbona wasituandikie OB tukiwa hai? Swali hilo nilimpelekea Sajenti kama lilivyo. Hakujibu. Aliliandika kwenye daftari lake.

Yaliyofuata

Kesho yake asubuhi, kabla ya ile saa sita, makachero walimwambia Fundi awajibu kwamba anatafuta pesa. Laini iliyopokea zile 18,400 ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa, lakini pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala. Kwa amri ya mahakama wakapata ni wakala yupi na saa ngapi. Mmoja wa wale wanne alikamatwa siku ya tano. Kwake zilipatikana simu kadhaa, na ndani ya mojawapo palikuwa na video za watu wengine sita.

Watu sita, na hata mmoja hakuwa na OB mahali popote.

Sajenti akaniuliza, "Hawa watakuja?" Nikawatafuta kupitia marafiki wa marafiki. Wawili walikuja. Mmoja wao, mwalimu, alikaa nje ya lango nusu saa kabla ya kuingia, nami nikakaa naye kwenye jiwe, hatusemi kitu.

Kisha ikaja korti, na hapo ndipo nilipokosea. Usiku ule wa kwanza nilimweleza Fundi yote kuhusu polisi. Sikumwambia kwamba jina la mlalamishi linaandikwa kwenye hati ya mashtaka, na kwamba shahidi husimama kizimbani mbele ya watu. Alipolijua, ilikuwa ni kama ameitegemea mbao ikavunjika. Mama yake anauza samaki sokoni na anawajua watu nusu ya mji. Tukamwomba mwendesha mashtaka aiombe korti isikilize ushahidi wake faraghani, jambo ambalo kifungu cha 50(8) cha Katiba kinaliruhusu ili kuwalinda mashahidi. Kabla uamuzi haujatoka, Fundi akasema basi. Wale wawili wengine wakajiondoa wiki hiyohiyo. Kesi ya wizi wa mabavu ikakwama, na aliyekamatwa akashtakiwa kwa simu za wizi alizokutwa nazo.

Video haikutumwa popote. Fundi anasema hilo linamtosha. Mimi halinitoshi, ila si mimi niliyevuliwa nguo mbele ya kamera.

Siku hizi jambo la korti nalisema mapema, siku ya kwanza kabisa, hata kama litamtisha mtu. Ni afadhali aamue akijua.

Uhamisho

Miezi minane baada ya usiku ule, Sajenti alihamishwa kaunti nyingine. OCS, yaani mkuu wa kituo, naye alikuwa ameondoka kabla yake. Wiki ya kwanza bila Sajenti, msichana mmoja msagaji, aliyepigwa na ndugu zake, alifika kaunta ileile akaulizwa kama ameolewa. Akageuka akarudi nyumbani.

Nililaumu kituo kwa siku mbili, kisha nikajilaumu na sisi. Imani yote tuliyoijenga tulikuwa tumeiweka kwa mtu mmoja. Tulikuwa na nambari yake ya simu, tukadhani tuna kituo. Maafisa wa polisi huhamishwa, ndiyo kazi yao ilivyo. Kinachobaki kituoni ni kitabu, kaunta, na maagizo ambayo zamu inayotoka inaiachia zamu inayoingia.

Kwa hiyo sasa tunaomba kitu kidogo, kilichoandikwa, kinachoweza kubandikwa nyuma ya kaunta: kila mlalamishi aulizwe kwanza ameumia au amepoteza nini, apewe nambari ya OB kabla hajahojiwa zaidi, ahojiwe kando na benchi, na simu yake isifunguliwe bila amri ya korti. Neno shoga halimo, wala LGBTQ. Sajenti ndiye aliyetushauri hivyo kwa simu kutoka huko aliko. Alisema, "Andikeni kitu ambacho hata yule mama wa kitambulisho atakitaka." Baadhi ya wenzangu hawakupenda, wanaona tunajificha tena. Ninawaelewa. Lakini nimekaa kwenye lile benchi, na nadhani Sajenti yuko sawa.

OCS mpya amekubali kutuona Alhamisi. Msichana yule amesema atakuja nami, ikiwa tutaingia kwa mlango wa nyuma. Fundi ameipigisha chapa ile karatasi kwenye kibanda chake, nakala tano, akakataa kulipwa.